Namna ya Kulala Hoteli ya Bei Nafuu Jirani na Mahekalu ya Luxor

Mji wa Luxor, kusini mwa Misri, umejengwa juu ya Thebes, mji mkuu wa Mafirauni wa enzi zao za nguvu, na kwa sababu hiyo magofu yake hayako mbali na watu. Hekalu la Luxor limesimama katikati ya mji, hatua chache kutoka sokoni. Karnak, kundi kubwa la mahekalu, iko takriban kilomita tatu kaskazini yake. Na ng'ambo ya Mto Naili, mahekalu yaliyojengwa kwa ajili ya kuwaenzi wafalme waliokufa yamepakana na mashamba ya miwa na nyumba za wanakijiji. Hali hiyo humwezesha msafiri mwenye fedha kidogo kulala mahali ambapo anaweza kutoka kwa miguu alfajiri na kufika langoni kabla ya mabasi ya watalii. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msafiri wa namna hiyo, hasa anayetoka Afrika Mashariki. Neno ambalo ningependa alishike tangu mwanzo ni kwamba anapolipia chumba pale, ananunua muda wa saa mbili wa asubuhi na muda wa saa mbili wa jioni, na kila uamuzi kuhusu hoteli upimwe kwa kipimo hicho.

Kabla ya kuchagua hoteli, chagua mwezi. Kuanzia Juni hadi Agosti joto la mchana huvuka nyuzi 40 za Selsiasi, bei za vyumba hushuka, na mgeni asiye na kiyoyozi kinachofanya kazi hapati usingizi. Desemba na Januari mchana ni mzuri sana, lakini usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na hoteli nyingi za bei ya chini hazina namna ya kupasha vyumba joto zaidi ya kukuongezea blanketi; anayetoka Mombasa au Dar es Salaam akaja na shati jepesi peke yake atajuta. Novemba, na kipindi cha kuanzia katikati ya Februari hadi Machi, ndicho ninachokiona kuwa bora kwa mtu atakayetembea kwa miguu. Tazama pia kalenda ya Kiislamu. Katikati ya mwezi wa Shaabani hufanyika maulidi ya Abu al-Haggag, walii ambaye msikiti wake umejengwa ndani ya Hekalu la Luxor lenyewe, juu ya nguzo za kale, na mitaa yote ya jirani hujaa watu, ngoma na maandamano yenye mashua zinazovutwa barabarani. Ni jambo la kupendeza kulishuhudia, ila anayetaka utulivu usiku huo asichukue chumba upande wa mashariki wa mto.

Upande wa mto, kwa hakika, ni swali kubwa kuliko jina la hoteli. Upande wa mashariki ndiko kuliko na stesheni ya treni, soko, maduka ya dawa, benki na uwanja wa ndege, na gesti za bei ya chini kabisa zimejazana katika vichochoro vilivyo kati ya stesheni na hekalu. Anayekaa huko hupata faida moja isiyopatikana ng'ambo: Hekalu la Luxor hufunguliwa hadi usiku, taa huwashwa chini ya nguzo na sanamu za Firauni Ramses II, na mtu anaweza kula chakula cha jioni, akaenda kulitazama kwa muda, kisha akarudi kulala bila kutafuta usafiri wowote. Hasara zake ni kelele za magari, honi, na vijana wa mtaani wanaomfuata mgeni kila anapotoa mguu nje, wakimtangazia gari la farasi, mashua, au duka la binamu.

Upande wa magharibi una mambo mawili ya kuchagua. Kijiji cha Gezira kiko palepale kivuko kinapotia nanga, kwa hiyo kinamfaa anayetaka kuvuka kila siku. Kina nyumba za wageni nyingi zenye ghorofa mbili tatu, na paa la kutazama mto. Lakini Gezira haiko karibu na hekalu lolote, jambo ambalo matangazo ya hoteli husahau kulisema. Ukitaka kulala jirani na magofu kwa maana halisi, itakubidi uende kilomita kadhaa ndani zaidi, hadi Kom Lolah, kitongoji kilicho mbele ya Medinet Habu, hekalu la Ramses III. Hapo kuna hoteli ndogo za familia, baadhi zimejengwa kwa matofali ya udongo, ambazo mgeni akikaa kwenye paa lake anaona ukuta wa hekalu ng'ambo ya barabara. Kwa maoni yangu, mwenye usiku mmoja au miwili tu na abaki mashariki, maana muda wake utamezwa na kuvuka. Mwenye usiku mitatu au zaidi alale Kom Lolah, na siku ya Karnak avuke asubuhi na mapema.

Kuhusu bei, usiamini kiasi chochote kilichoandikwa kabla ya Machi 2024, mwezi ambao Misri iliiacha thamani ya sarafu yake ipangwe na soko na dola moja ikapanda kutoka takriban pauni 31 hadi karibu 50. Tangu hapo hoteli nyingine hutaja bei kwa dola au yuro na nyingine kwa pauni, na tofauti ya jinsi wanavyobadilisha inaweza kuwa kubwa kuliko punguzo ulilolifurahia. Uliza kwa maandishi mambo matatu: bei ni ya sarafu gani, ni ya chumba au ya kila mtu, na je, imejumuisha kodi na huduma. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 14, na ada ya huduma ya asilimia 12 huongezwa pia katika hoteli nyingi, kwa hiyo chumba kilichoonekana rahisi kwenye simu huweza kupanda kwa robo nzima siku ya kulipa. Kifungua kinywa kwa kawaida kimo ndani ya bei, nacho ni mkate, mayai, maharage, jibini na chai. Uliza kama wataweza kukufungia ukaondoke nacho alfajiri, kwa kuwa ukisubiri kukila mezani saa mbili, zile saa ulizozinunua zitakuwa zimepotea.

Kabla ya kuweka nafasi, soma maoni ya wageni waliokaa mwezi uleule unaokusudia kwenda, kwa sababu aliyelala Machi hawezi kukueleza lolote kuhusu kiyoyozi cha Julai. Katika maoni hayo tafuta habari za maji ya moto, shinikizo la maji katika ghorofa za juu, na madirisha. Chumba cha ghorofa ya mwisho chini ya paa la zege kina mandhari nzuri lakini kiangazi hugeuka tanuri, na nyumba ya udongo yenye kuba hubaki na ubaridi mchana kutwa bila umeme wowote. Ulizia pia jenereta. Majira ya joto ya 2023 na 2024 Misri ilikuwa na mgao wa umeme, na ijapokuwa mambo yalitengemaa baadaye, hoteli yenye jenereta yake ni bora kuliko yenye bwawa dogo la kuogelea. Anayelala magharibi ajue vilevile kwamba baluni za kurusha watalii, kama zile za Serengeti na Maasai Mara, huruka upande huo karibu kila alfajiri hali ya hewa ikiruhusu, na mngurumo wa moto wake husikika juu ya mapaa. Binafsi naona ni kengele nzuri ya kukuamsha.

Wengi hufika kwa treni kutoka Kairo, safari ya kilomita zipatazo 670 inayochukua saa kama kumi. Treni ya usiku hukufikisha asubuhi, wakati chumba chako bado kina mtu, kwa hiyo panga mapema na hoteli wakupokelee mizigo na kukuruhusu kunawa. Nje ya stesheni, na tena kwenye gati la kivuko, utakutana na watu watakaokuambia kwamba hoteli yako imejaa, imefungwa, au kwamba mwenye hoteli amewatuma wakuchukue. Usibishane nao. Jibu kwa salamu, sema “la, shukran”, uendelee kutembea, na kama kweli una mwenyeji aliyeahidi kuja kukupokea, awe amekupa jina lake na namba yake mapema. Kivuko cha umma, ambacho wenyeji hupanda na baiskeli na vikapu vyao, huondokea karibu na Hekalu la Luxor na nauli yake ni ndogo mno. Boti binafsi zilizofungwa pembeni yake hutoza zaidi, na hizo unakubaliana bei kabla ya kupanda. Ukishuka Gezira utakuta magari madogo ya kuchangia, pikapu zenye viti nyuma, yanayokwenda kuelekea kijiji cha Qurna kama daladala au matatu za kwetu.

Mapokezi watachukua nakala ya pasipoti yako, kwa kuwa sheria inawataka kuwaandikisha wageni. Wakinakili, irudi mikononi mwako papo hapo. Kisha omba kukiona chumba kabla ya kulipa. Hilo si jeuri, na wenye hoteli ndogo wamezoea. Fungua bomba la maji ya moto na usubiri, maana hita nyingi ni ndogo na huhitaji nusu saa. Washa kiyoyozi usikilize. Jaribu kufunga mlango kutoka ndani. Kagua wavu wa dirisha. Soketi za Misri hupokea plagi ya pini mbili za mviringo, tofauti na pini tatu bapa za Kenya, Tanzania na Uganda, hivyo nunua adapta kabla ya kuondoka nyumbani. Kama kuna kasoro, iseme wakati huo kwa upole na uombe chumba kingine, kwa sababu baada ya kufungua mizigo nguvu yako ya kujadiliana imekwisha.

Jioni ya kwanza itumie kupanga tiketi. Hapa ndipo wanaolala karibu kabisa na magofu hukwama kwa namna ya kushangaza: Medinet Habu, Ramesseum (hekalu la Ramses II) na makaburi ya Deir el-Medina tiketi zake kwa desturi huuzwa katika ofisi iliyo barabarani, kupita kidogo Sanamu za Memnon, zile sanamu mbili kubwa za mfalme aliyeketi, wala si langoni, ilhali Bonde la Wafalme, lenye makaburi ya Mafirauni, na hekalu la Hatshepsut, Firauni mwanamke, pale Deir el-Bahari vina madirisha yake ya tiketi. Unaweza basi kuamka mbele ya hekalu na bado ukalazimika kutembea hadi ofisini kwanza. Mwulize mwenye hoteli utaratibu wa wiki hiyo, na kama tiketi inaweza kununuliwa mtandaoni. Katika maeneo mengi ya kale malipo sasa hupokelewa kwa kadi ya benki badala ya taslimu, kwa hiyo kabla ya kusafiri hakikisha benki yako imeruhusu kadi ifanye kazi nje ya nchi. Fedha za kwenye simu ulizozoea hazitakufaa kitu langoni. Mwanafunzi mwenye kitambulisho cha kimataifa hulipa nusu, na akae nacho mfukoni kila siku.

Mpange vizuri mwamshaji wako pia. Wamisri huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, hivyo mhudumu akiandika saa sita asubuhi anakusudia saa kumi na mbili yetu. Tena, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Aprili Misri iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja, na majira mengine ya mwaka saa zinalingana.

Sasa yafaa kueleza namna ya kuzitumia zile saa. Mahekalu ya magharibi karibu yote yanatazama mashariki, hivyo jua la asubuhi huyapiga usoni, na ifikapo alasiri jabali lililo nyuma ya Deir el-Bahari huwa limelifunika hekalu la Hatshepsut kwa kivuli. Anayelala Kom Lolah na aanze na Medinet Habu mara tu linapofunguliwa, kwa kawaida saa kumi na mbili asubuhi. Nalipendelea hekalu hili kuliko Karnak, na najua wengi watanipinga. Maandishi yake yamechimbwa ndani sana ukutani, mwanga wa ubavuni huyatia vivuli, na katika ua wa pili rangi nyekundu na buluu bado zinaonekana juu ya nguzo na chini ya dari, baada ya zaidi ya miaka 3,000. Usiondoke bila kutazama ukuta wa nje wa kaskazini, palipochorwa vita vya majini dhidi ya watu waliokuja kwa bahari, wala bila kuziona zile picha za makarani wanaohesabu malundo ya mikono ya maadui waliouawa. Makundi makubwa huenda kwanza Bonde la Wafalme na Deir el-Bahari, hivyo yawezekana kabisa ukawa na ua mzima peke yako na walinzi kwa saa nzima. Ramesseum, ambako sanamu ya Ramses II inayokadiriwa kuwa na uzito wa tani 1,000 imelala chini vipande vipande, unaweza kuifikia kwa baiskeli ya kukodi kutoka hotelini kabla ya saa tatu.

Saa tano rudi chumbani. Hili watu hawalipendi, wakidhani wanapoteza siku, lakini ndiyo faida ya pili ya kulala jirani: wakati waliokuja kwa mabasi kutoka Hurghada, mji wa watalii wa pwani ya Bahari ya Shamu, wanatembea juani, wewe umeoga na kulala. Toka tena saa kumi alasiri.

Siku ya Karnak, kama unalala magharibi, pangilia kivuko ili uwe langoni linapofunguliwa, na ukiingia usisimame mwanzoni, bali nenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa nguzo 134, ambazo kumi na mbili za katikati zina urefu wa mita zipatazo 21, kwa sababu ndipo kila kundi linapokimbilia. Sehemu za nyuma na ziwa takatifu hubaki wazi hata baadaye. Ile njia ya sanamu za sfinksi, yaani simba wenye vichwa vya watu au vya kondoo, inayounganisha Karnak na Hekalu la Luxor ilifunguliwa upya Novemba 2021. Ni ndefu, haina kivuli, na ifaayo ni kuitembea jioni.

Ndani ya magofu utaombwa bakshishi. Mlinzi atakuashiria uingie chumba kilichofungwa kwa kamba, au atakupangia mahali pa kusimama ili upige picha, kisha atanyoosha mkono. Usipotaka, kataa mapema, si baada ya kufaidi. Weka noti ndogo mfuko tofauti na usitoe pochi mbele ya watu. Hotelini desturi ni hiyohiyo, ila kwa staha zaidi: acha chochote kwa anayesafisha chumba, mkononi mwake mwenyewe, siku ya mwisho. Hoteli nyingi za bei ya chini hupata faida yao kwa kuuza safari, kuliko kwa kukodisha vitanda, na hakuna ubaya wowote ukinunua kwao dereva wa siku moja; hata hivyo uliza bei sehemu mbili, na mweleze dereva tangu mwanzo kwamba hutaki kupelekwa kwenye viwanda vya vinyago vya alabasta, ambako yeye hulipwa kamisheni na wewe hupoteza saa nzima ukinyweshwa chai.

Chakula hakitakusumbua. Mikahawa ya wenyeji huuza maharage ya ful, taamiya (bajia za maharage), koshari (wali uliochanganywa na dengu na tambi) na mkate wa moto kwa bei ndogo, na supu ya mulukhiya utaitambua mara moja, kwa kuwa mmea wake ndio mlenda wa kwetu. Maji ya bomba usinywe. Nunua chupa kubwa, uhakikishe kizibo hakijafunguliwa. Usioge wala kutia miguu katika mifereji ya mashamba, kwa sababu kichocho ni ugonjwa wa siku nyingi katika bonde la Naili. Mbu wapo, hasa karibu na mifereji, lakini Shirika la Afya Duniani lilitangaza Oktoba 2024 kwamba Misri haina tena malaria. Kutokana na hilo, ukipata homa ukiwa Luxor mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka Afrika Mashariki na uombe upimwe malaria, kwa kuwa yeye hana sababu ya kuifikiria. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kaa nacho pamoja na pasipoti.

Mwanamke anayesafiri peke yake achague hoteli inayoendeshwa na familia, yenye mtu mapokezini usiku kucha, na apendelee chumba kisicho cha ghorofa ya chini kabisa. Nguo zinazofunika mabega na magoti hupunguza macho ya watu mitaani, na kijijini ni jambo la heshima kwa wanaume pia. Akitaka kupanda kwenye paa jioni kutazama hekalu, na aulize kwanza kama paa hilo ni la wageni, kwa sababu katika nyumba nyingine ndipo familia inapolala wakati wa joto.

Siku ya kuondoka, anayelala magharibi asikadirie muda wake kwa kuangalia mto tu. Daraja liko kusini, nje ya mji, na teksi ya kwenda uwanja wa ndege au stesheni kwa njia hiyo huchukua muda mrefu zaidi kuliko kivuko, lakini haikulazimishi kubeba mabegi mara tatu. Kwa treni ya mchana panda kivuko; kwa ndege ya alfajiri agiza teksi jioni iliyotangulia, mkubaliane bei hadi mlangoni mwa uwanja, na ulipe hesabu ya hoteli usiku huohuo ili usije ukamsaka mwenye funguo saa tisa ya usiku.